Magogo ya Bwana Kesho

Karakana, 9 Januari

Wifi yangu Mama Ufagio,

Kabla hujasoma, mpe dereva wetu Mwendapole maji ya kunywa, maana mzigo aliokuletea si mchezo. Nguzo zote unazoziona juu ya lori ni zako. Nimezikata, nimezichomelea vishikio vya waya na kuzipaka rangi kwa mikono yangu hii, jioni baada ya kazi za wateja. Hazilali, haziozi, mchwa akizing'ata meno yatamtoka.

Wifi, tangu tumzike kaka yangu sina raha, na kile kikao cha ukoo ndicho kilichonimaliza. Namwona bado Kaka Mkubwa alivyokunja mikono na kusema, "Msimu mmoja. Shemeji akivuna, shamba lake, hakuna wa kumgusa. Asipovuna, nang'oa mipasheni, udongo ule nafyatulia tofali." Na wewe ukaitikia kwa kichwa, hukutoa hata chozi. Nikasema moyoni, huyu mwanamke hataondoka kwenye nyumba ile wakati mimi napumua.

Sasa tuseme ukweli, marehemu hatachukia. Shamba aliliacha kama uwanja wa vita. Nguzo mbovu imeegemea nguzo mbovu mwenzake. Ukimwambia badilisha, jibu lake ni moja tu, "Kesho," ndiyo maana tukampa jina la Bwana Kesho na akalikubali bila aibu. Na yale magogo makavu aliyoyafunga kwenye uzio mpaka yakatoboka matundu, sijui alikuwa anangoja yachipue.

Basi ng'oa vyote. Nguzo chache zilizo ngumu bado mpakilie Mwendapole aniletee, nataka kuwekea vyuma juu yake wakati wa kuchomelea, maana viegemeo vyangu vimeungua. Vilivyobaki choma. Lipe shamba sura ya mtu anayejua kesho yake.

Wifi yako,
Fundi Cheche

Shambani, 28 Januari

Wifi yangu Fundi Cheche,

Nguzo zimefika, na nikikuambia kwamba nililia utanicheka mwaka mzima, kwa hiyo sikulia. Lakini Mwendapole aliniuliza kama nimeingiwa na vumbi machoni.

Nimeng'oa, nimesimamisha, nimekaza waya. Mipasheni yenyewe haikuvunjika sana, niliishusha taratibu kama ninavua mtoto shati. Sasa ukisimama mlangoni unaona mistari imenyooka mpaka kwenye kijito. Jina la Mama Ufagio mlinipa kwa kejeli, lakini leo nalivaa kama taji. Nimekwangua kila kitu, matawi makavu, visiki, magogo ya uzioni. Nguzo nne ngumu nimempa Mwendapole. Vingine vyote nilivikusanya katikati ya ua nikavitia moto, na ulikuwa moto wa haja, wifi. Ulivuma. Kuna magogo yaliyokuwa yanalia ndani yake, mlio kama wa mtu anayeimba amefunga mdomo. Nikadhani ni utomvu unachemka.

Kaka Mkubwa alivuka kijito kuja kuangalia. Unajua mipasheni yake kule ng'ambo imekaa kwenye nguzo za saruji miaka mingi, na chini pamefagiwa kama sahani. Marehemu alikuwa anacheka kwamba kuku wa Kaka Mkubwa hukanyaga kwa kuomba ruhusa. Alitembea mstari hadi mstari na mikono nyuma, hakupata kasoro. Mwisho akasema, "Sasa hili ni shamba." Kisha akaangalia udongo kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia nguzo.

Jambo moja la kuchekesha. Wale nyuki weusi wakubwa, wale wanaovuma kama injini ndogo, wamezipenda nguzo zako. Siku zote hizi wanakuja kuzigonga kwa vichwa. Anaruka mmoja, anaizunguka nguzo pale pale kwa urefu wa kifua, anagonga, anarudi nyuma, anagonga tena. Nimemwambia jirani kwamba kazi ya wifi yangu hata wadudu wanaikagua.

Wako,
Mama Ufagio

Karakana, 12 Februari

Wifi,

Viegemeo vimefika. Kimoja kifupi nimekipeleka chumbani kwangu kiwe kigoda, maana kina ile misumari miwili ambayo kaka alikuwa anatundikia kofia na redio yake. Vingine vitatu viko kazini uani. Niandikie maua yakitoka. Na hao wadudu waambie ukaguzi una ada.

Cheche

Shambani, 2 Aprili

Wifi yangu,

Sijui nianzie wapi. Nimeishika kalamu tangu asubuhi.

Maua yametoka. Hujawahi kuona maua ya namna hii, na mimi niliyeishi hapa miaka yote sijawahi. Yamefunika waya, yamefunika nguzo, ukipita mchana yanapofunguka unaona haya kuyatazama, kama umeingia kwenye harusi ya watu. Nilianza kuhesabu madebe kichwani. Nilimtuma mtu amwambie Kaka Mkubwa atafute udongo wa tofali mahali pengine.

Kisha yakaanza kudondoka. Siku ya kwanza nikasema ni upepo. Siku ya pili hapakuwa na upepo. Ua linafunguka mchana, jioni linajikunja, kesho yake unaligusa linakubakia mkononi, na nyuma yake hakuna kitu, wifi. Hakuna hata kidonge. Chini pamejaa maua yaliyokufa na juu hakuna tunda. Nimefungua majani jani kwa jani. Nilikaa chini katikati ya mstari nikiwa nimeduwaa, mpaka jirani akaja kuniinua, akadhani nimeumwa na nyoka.

Maji yapo. Mbolea niliweka. Majani ni mabichi yanang'aa. Bwana Shamba alipita, akakwaruza udongo, akavunja tawi, akasema mmea huu hauna ugonjwa wowote. Nikamuuliza, kama ni mzima mbona hauzai? Akasema atarudi. Bado namsubiri.

Kaka Mkubwa naye alikuja. Nilimuuliza kwake vipi, akajibu, "Kwangu mambo safi." Akaokota ua moja chini, akalizungusha kwenye vidole, akaenda zake. Hakusema tofali. Ningefurahi angesema, nipate kumjibu.

Nahisi kama kuna mtu amepita usiku akauambia kila mpasheni usizae. Mimi si mtu wa kuamini hayo, unanijua. Lakini sasa hivi ukinipa jambo lolote la kuamini nitalipokea.

Mama Ufagio

Karakana, 10 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Usimpe mtu yeyote nafasi ya kukwambia umelogwa. Ni wadudu tu. Kuna kitu kinanyonya hayo maua kwa ndani. Nimeuliza kwenye duka la pembejeo, yule muuzaji amenipa chupa ya dawa anayosema haibakishi chochote chenye miguu. Mwendapole anayo. Piga shamba zima, usibakize kona, usione huruma.

Na uache kukaa chini katikati ya mistari. Tutavuna.

Cheche

Shambani, 24 Aprili

Wifi yangu, soma barua hii mpaka mwisho kabla hujafanya jambo lolote.

Chupa yako ilifika. Mchana ule ule nikaichanganya kwenye pampu, nikajifunga kitambaa puani, nikasema naanzia kwenye banda la kuku, maana pale mpasheni mmoja umepanda juu ya paa. Nikainua bomba. Nikaona matunda.

Nilidhani macho yananidanganya. Matunda, wifi, mabichi, yamejaa, yananing'inia juu ya banda kama taa. Mpasheni ule haujawahi kupata mbolea wala kutiwa maji. Nikaweka pampu chini nikaogopa hata kuyagusa, maana kitu kimoja kizuri katikati ya msiba mkubwa kinatisha kuliko msiba wenyewe.

Nikasikia mvumo. Kizingiti cha banda ni ule ubao mkuukuu aliouweka marehemu, unakumbuka nilimpigia kelele kwamba umeoza, akasema kesho. Una tundu la mviringo, safi, kama limetobolewa kwa keekee. Akatoka nyuki mweusi, mmoja wa wale wakubwa. Akaruka mpaka kwenye ua, akajipenyeza chini yake, na mgongo wake ukasugua pale juu, akatoka amepakaa unga wa njano kama mpishi wa maandazi. Akaingia ua la pili. Akavuka akaingia kwenye mpasheni wa jirani yake, akarudi. Nikamfuata kwa macho mpaka shingo ikauma. Kila ua aliloingia nililifunga uzi.

Maua yale yenye uzi hayakudondoka.

Nikajaribu mwenyewe. Nilichota unga wa ua la mpasheni mmoja kwa kidole, nikapaka ua la mpasheni mwingine. Nalo halikudondoka, nyuma yake pameanza kuvimba. Nyuki wadogo wa asali wapo tele, lakini wanaiba unga wa chini na kuondoka, hawafiki juu, miili yao midogo. Ni kazi ya wale weusi. Na wale weusi hawakai mzingani. Wanakaa ndani ya mti mkavu. Ndani ya nguzo mbovu, wifi. Ndani ya magogo ya uzioni.

Yale matundu tuliyoyacheka yalikuwa milango.

Sasa unaelewa nilichochoma. Unaelewa ni nini kilikuwa kinalia ndani ya ule moto, na mimi nimesimama na reki nasukumia vipande vilivyotoka pembeni virudi katikati. Unaelewa walikuwa wanagonga nini kwenye chuma chako. Kila mmoja alikuwa anatafuta mlango wake pale pale ulipokuwa. Nami nikaandika barua ya kukuchekesha.

Kwenye banda yuko mmoja, labda wawili. Hawawezi shamba zima. Lakini wewe unazo zile nguzo nne. Usiziguse, nakuomba. Usizisogeze, usiziwekee moto wa kuchomelea juu yake. Kama kuna hata mmoja ndani, ndiye shamba hili. Namtafuta Mwendapole azifuate, ila lori lake limekufa gia na hajui litapona lini. Barua hii naipa posta.

Dawa nimeifukia kwenye shimo mbali na kijito, na pampu nimeiosha.

Mama Ufagio

Karakana, 25 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa posta kwa sababu nasikia lori la Mwendapole limekufa gia. Nataka ujue umenilipia deni la kicheko. Zile nguzo zako zilikuja na wapangaji!

Wiki iliyopita nachomelea geti la mteja, nikasikia mvumo karibu na sikio, nikadhani mashine inataka kuungua. Nikazima. Mvumo uko pale pale. Kumbe ni madudu yako meusi, yanatoka kwenye matundu ya nguzo moja baada ya jingine, yanazunguka uani kama mabwana wenye nyumba. Mteja alikimbia akaacha kiatu. Mama wa duka la jirani akasema yakimuuma mtoto nitamtambua.

Basi nikafanya kazi ya ufundi. Nikangoja magharibi yote yarudi ndani, nikachukua oili chafu, ile nyeusi ya kutoka kwenye injini, nikamimina tundu kwa tundu mpaka ikafurika. Kisha nikapaka nguzo zote tatu nje, mara mbili, kama tunavyopaka nguzo za wateja kuzuia mchwa. Asubuhi kimya. Niliyafagia machache yaliyojaribu kutoka. Sasa nguzo zinang'aa, na hakuna mdudu atakayezisogelea mpaka wajukuu wetu wazeeke.

Kile kigoda cha chumbani sikukipaka, kingenichafulia sketi.

Dawa imefanyaje kazi? Niandikie haraka, naota matunda tu siku hizi.

Cheche

Shambani, 3 Mei

Wifi,

Barua yako imefika leo.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali uliposema unatania.

Bila shaka yangu imekufikia pia. Usidhani nimekasirika, hasira ina nguvu na mimi sina. Wewe umemimina oili, mimi nimewasha moto, tena mimi ndiye niliyetangulia. Wote wawili tulikuwa tunasafisha.

Kaka Mkubwa ametuma ujumbe kwamba mafundi tofali watakuja katikati ya Juni kupima udongo. Napaka maua kwa kidole kila mchana, mstari baada ya mstari, toka yanapofunguka mpaka yanapojifunga. Mgongo hauniruhusu kufika hata robo ya shamba. Vidole vyangu vyote ni vya njano.

Mama Ufagio

Karakana, 6 Mei

Wifi yangu,

Barua zako mbili nimezisoma kwa pamoja, ile ya kwanza posta walikaa nayo. Nilifunga karakana. Nimewaambia wateja naumwa, na si uongo.

Nilichukua msumeno nikapasua nguzo moja kwa urefu wake. Nilitaka kujua nimeua nini. Wifi, mimi ni fundi. Nimeona kazi za mafundi wengi, na nyingi nimezicheka. Nilipofungua ubao ule msumeno ulinitoka mkononi.

Ni vyumba. Ndani kuna ukumbi mwembamba ulionyooka kama umepigwa kamba, na ukumbi umegawanywa vyumba, kimoja baada ya kingine, vyote kipimo kimoja. Kuta kati ya chumba na chumba nyuki amezijenga kwa unga wa mbao alioutafuna, ameuzungusha kama kamba iliyokunjwa. Kila chumba kina mtoto mmoja mweupe, na mbele yake donge la unga wa njano, chakula chake alichowekewa na mama yake aliyeutoa kwenye maua ya huku. Hajaharibu hata unyuzi mmoja wa ubao bila sababu. Mimi mwenye rula na penseli siwezi kazi ile.

Na kila chumba kimejaa oili. Watoto wamekuwa weusi. Mama alikuwa mlangoni, ameziba tundu kwa mwili wake, oili ikampita juu. Alikuwa anazuia isiingie, wifi. Nilikaa sakafuni mpaka mama wa dukani akaja kugonga, nikashindwa kumweleza ninachokililia. Ukimwambia mtu unalia kwa sababu ya mdudu atakuitia daktari.

Nimepasua na zile mbili. Ni vile vile.

Sasa nisikilize. Kila asubuhi kwenye chumba changu kulikuwa na kitu kinakwaruza. Miezi hii yote nimekuwa nikiweka mtego wa panya na mtego haunasi. Jana nililala chini na sikio juu ya kigoda. Si panya. Wamo, sijui ni wangapi, na mlango wao uko upande wa ukutani ndiyo maana sikuuona. Wanapitia dirishani, mimi naliacha wazi kwa sababu ya joto. Kaka yangu akiwa hai alinikera kwa uzembe, na sasa ni sketi yangu iliyowaokoa, si akili yangu.

Sikungoja lori la Mwendapole lipone. Nilimfuata gereji, nikamchomelea ile gia mwenyewe usiku huo, nikamwambia malipo yake ni kufika. Kigoda nimekifunga kwa gunia bichi, tundu nimeliziba kwa kitambaa chepesi wapate hewa. Atakiweka mbele, pale anapokaa utingo wake, si nyuma kwenye mizigo. Amenung'unika kwamba hajawahi kubeba abiria wa namna hii. Nimemwambia akiendesha vibaya watashuka wenyewe wamuulize.

Kitundike sehemu yenye kivuli, mdomo wa tundu uangalie jua linapochomoza. Nimesahau kuomba radhi. Siiombi kwa barua, nitakuja.

Cheche

Shambani, 21 Juni

Wifi yangu Fundi Cheche,

Abiria walifika salama. Nilipofungua kitambaa hawakutoka. Nikakaa mbali nikiwaangalia mpaka jua likapanda, nikajua tumewaua na hao pia. Kisha akatoka mmoja, akasimama mlangoni mwa kigoda, akajifuta uso kwa miguu kama mtu aliyeshuka safari ndefu. Akaruka. Alizunguka shamba lote na kurudi pale pale. Walitoka watatu siku ile, na baadaye nimeona wa nne. Nililia mbele ya Mwendapole na safari hii sikusingizia vumbi.

Lakini msimu ulikuwa umekwisha kwenda. Maua mengi yalikuwa yamedondoka zamani. Nisikudanganye, wifi, sina mavuno. Nina mistari michache ya karibu na nyumba niliyoipaka kwa kidole, imejaa matunda mpaka waya umelegea, na baada ya hapo ni majani matupu hadi kijitoni.

Mafundi tofali walikuja na vibao vyao vya kufyatulia, Kaka Mkubwa mbele. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba. Maneno nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Yeye akafika kwenye mstari wa kwanza akasimama, akatazama matunda, akatazama upande wa pili ambako hakuna kitu, akarudi kwenye matunda. Mdomo ulimwachama. Akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Shemeji, hapa umeweka dawa gani?"

Nikamwonyesha kidole.

Akadhani namkejeli. Nikamshika mkono, mimi, nikamvuta hadi kwenye ua moja la mwisho mwisho, nikachota unga nikapaka mbele yake, nikamweleza kila kitu. Moto wangu, oili yako, kizingiti cha banda, vyumba ulivyoviona ndani ya ubao. Sikuficha lolote. Nilitegemea acheke.

Hakucheka. Alikaa chini, wifi, kwenye udongo, na suruali yake ile iliyopigwa pasi. Mafundi tofali wakaanza kutazamana. Kisha akasema, "Kwangu hakuna hata moja."

Kumbe siku ile aliponiambia mambo safi, maua yake yalikuwa yamedondoka yote. Amekuwa akiamka kabla ya watu, anayafagia, anayafukia, asije mtu akaona. Na si yeye peke yake. Jirani wa juu kule mwenye matanki ya maji hana. Jirani yangu aliyeniinua hana, alinyamaza kwa aibu. Kila mmoja alidhani ni lake peke yake na kila mmoja akafagia. Miaka yote hiyo wenye nguzo za saruji na mashamba yanayong'aa walikuwa wanavuna kwa nyuki wa Bwana Kesho, na jioni wakikaa walimcheka yeye. Usione vyaelea, tunasema, lakini nani kati yetu alitazama chini ya maji?

Sijui kama marehemu alijua. Nimeliwaza sana. Labda alijua akachoka kutueleza, maana tulikuwa hodari wa kumkatiza. Labda alikuwa mvivu tu, na uvivu wake ukatulisha bonde zima. Ningetoa chochote nimuulize.

Kaka Mkubwa alinyanyuka akakifuata kigoda chako pale kilipotundikwa. Alikuwa anasoma ile misumari miwili kwa vidole. Nyuki akatoka karibu na uso wake, yeye hakurudi nyuma. Tulimwangalia sote anavyopaa juu ya mistari, juu ya kijito, akaenda moja kwa moja kwenye shamba la ng'ambo.

Mafundi tofali wakamuuliza waanzie wapi kupima. Akawaambia waje kesho.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita na hawajarudi. Sikumuuliza, naye hakuniambia shamba ni langu. Lakini leo asubuhi nafagia kibarazani, sasa nafagia kibaraza tu, nikamwona anavuka kijito polepole, maji yamempata magotini. Yule mtu ambaye kuku wake hukanyaga kwa ruhusa alikuwa amebeba gogo begani. Limeoza, limejaa matundu, limemmwagia vumbi shingo nzima, na sisimizi wanamtembea sikioni asiweze kujikuna. Sijui amelitoa wapi, kwake halipo hata tawi.

Akafika mbele yangu akihema. Aliangalia nguzo zako za chuma, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyepotea.

Akaniuliza alitundike wapi.

Njoo, wifi. Njoo na waya wa kufungia.

Wako,
Mama Ufagio